Nilijaribu biashara ya makopo ya afya

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya vyoo, maji safi, vyandarua na chakula bora. Leo nataka tuzungumze juu ya biashara. Usishangae. Biashara yenyewe inauza afya. Ilianza mijini, na sasa imefika vijijini. Watu wanaiita biashara ya mtandao. Mimi niliijaribu kwa miezi 8. Nitakueleza niliyoyaona, kisha nitatoa maoni yangu. Wewe utapima mwenyewe.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni bwana afya mstaafu. Kwa miaka mingi nilipita vijijini kwa baiskeli nikikagua vyoo, visima na vilabu vya pombe. Kijijini kwetu, kando ya Ziwa Victoria, watu wananiita Bwana Afya mpaka leo. Tafadhali likumbuke jina hilo. Jina hilo ndilo lililouza makopo.

Nilivyoingia

Baada ya mauzo ya pamba, kijana mmoja wa kwetu alikuja kutoka Mwanza. Alivaa suti na viatu vinavyong'aa. Alinisalimu vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za mjini?"

"Njema, baba. Nimekuja kwa ajili yako. Wewe umetunza afya za watu maisha yako yote. Wao wamepona, wewe umepata nini?"

Swali lile lilinigusa. Paa langu lilikuwa linavuja na mtoto wa mwisho alikuwa anadaiwa ada chuoni. Nilikubali kwenda naye kwenye semina mjini.

Ukumbi ulijaa watu. Walipiga makofi kama harusini. Mtu mmoja baada ya mwingine alisimama mbele akaeleza jinsi alivyokuwa maskini na jinsi alivyonunua gari. Hakuna aliyesimama kueleza hasara. Niliona jambo hilo, lakini sikulitafakari.

Halafu tulipelekwa kwenye mashine ya kupima mwili mzima. Unashika kijiti cha chuma kwa dakika chache, na mashine inatoa orodha ya magonjwa yako. Yangu ilisema figo zangu zimechoka na damu yangu ina sumu. Ya jirani yangu ilisema hivyo hivyo. Ya kijana wa miaka 20 aliyekaa nyuma yetu nayo ilisema figo zimechoka.

Hapo mimi, mtu wa afya, nilipaswa kuinuka na kuondoka. Najua vizuri kwamba sukari hupimwa kwa tone la damu. Najua presha hupimwa kwa mkanda wa mkononi. Malaria hupimwa kwa damu, na kifua kikuu kwa makohozi. Kijiti cha chuma hakiwezi kusoma figo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuliona paa jipya machoni mwangu. Mtu akitaka sana kuamini, elimu yake hulala usingizi.

Nilirudi nyumbani nikauza ndama dume. Nililipa shilingi 380,000. Kati ya hizo, 30,000 zilikuwa kiingilio na 350,000 zilikuwa bei ya boksi la kwanza. Ndani ya boksi kulikuwa na makopo 3 ya unga wa mimea, vidonge vya vitamini, majani ya chai na dawa ya meno.

Biashara inavyokwenda

Biashara hii ina njia 2 za kupata fedha. Njia ya kwanza ni kuuza bidhaa. Nilinunua kopo la unga kwa shilingi 60,000, nikaliuza kwa shilingi 75,000. Faida ni shilingi 15,000. Hapo hakuna ubaya. Mwenye duka naye hufanya hivyo.

Njia ya pili ni kuingiza watu. Ukimleta mtu akalipa kiingilio na kununua boksi, unapewa kitu kidogo. Huyo naye akileta mwingine, nawe unapata kidogo. Watu hao huitwa watu walio chini yako. Yule aliyekuleta yuko juu yako. Naye ana mtu juu yake, na juu zaidi kuna kampuni.

Tena kuna sharti. Kila mwezi ni lazima ununue bidhaa za kiasi fulani, hata kama hujauza zile za mwezi uliopita. Usiponunua, hupati chochote kutoka kwa watu walio chini yako. Kwangu mimi kiasi hicho kilikuwa shilingi 60,000, yaani kopo moja. Kwa hiyo mnunuzi mkubwa wa makopo hakuwa mgonjwa wala mtu wa kijijini. Mnunuzi mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe.

Hesabu ya ngazi

Kwenye semina tuliambiwa, "Tafuta watu 6 tu. Kila mmoja atafute 6. Wewe utapumzika." Maneno hayo ni matamu. Sasa chukua kalamu na daftari lako la kisomo, tuhesabu pamoja.

Ngazi ya 1: watu 6.
Ngazi ya 2: watu 36.
Ngazi ya 3: watu 216.
Ngazi ya 4: watu 1,296.
Ngazi ya 5: watu 7,776.

Simama hapo. Kijiji chetu hakina watu wazima 2,000. Ngazi ya 4 ikijaa, karibu kijiji kizima kimekwisha. Ngazi ya 5 itatoka wapi?

Utasema, tutakwenda vijiji vingine. Vema, endelea kuzidisha kwa 6. Ngazi ya 10 inataka watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wote wa Tanzania, Bara na Visiwani, wakiwemo watoto wachanga na wazee. Walikuwa 61,741,120. Maana yake ni kwamba ngazi ya 10 peke yake inakaribia kumaliza nchi nzima. Ukijumlisha na ngazi zilizo juu yake, watu wanapita milioni 72. Nchi haina watu hao.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo. Tazama ngazi ya mwisho. Popote utakaposimama, katika kila watu 6 kiasi cha watu 5 wako ngazi ya chini kabisa. Hao hawana mtu chini yao. Wametoa fedha, wanangoja. Hawakushindwa kwa sababu ni wavivu. Wameshindwa kwa sababu ngazi imejengwa hivyo. Kwenye semina tuliambiwa asiyefanikiwa hana bidii. Hesabu inakataa.

Nilipata watu 4. Mmoja ni mpwa wangu. Wa pili ni fundi cherehani. Wa tatu ni katibu wa kwaya, na wa nne ni mama mmoja anayeuza dagaa. Wawili kati yao walipata mtu mmoja mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyepatikana tena. Kila mtu kijijini alikuwa amekwisha kuulizwa. Watu walianza kunikwepa njiani. Zamani walikuwa wakinikwepa kwa sababu hawajachimba choo. Sasa walinikwepa kwa sababu hawataki kopo.

Habari ya shemeji yangu

Sasa nafika mahali pagumu. Ningeweza kupaacha, lakini bila habari hii makala haina maana.

Shemeji yangu ni mjane wa marehemu kaka yangu. Ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka 6. Kila mwezi alikuwa akienda kliniki kupimwa na kuchukua vidonge. Sukari yake ilikuwa imetulia. Alilima, alifuga, alisomesha wajukuu.

Nilimpelekea kopo. Nilimwambia maneno niliyoyasikia semina. "Shemeji, unga huu unasafisha sukari mwilini." Alinunua kopo la kwanza kwa shilingi 75,000. Baadaye akanunua la pili, na la tatu. Mbuzi wake 3 waliondoka zizini.

Nieleweke vizuri. Sikumwambia aache vidonge. Lakini pia sikumwambia asiviache. Mtu akisikia kuna unga unaosafisha sukari, kwa nini aendelee kulipa nauli ya kwenda kliniki? Fedha zilikuwa hazitoshi kwa yote mawili. Alichagua kopo, kwa sababu lilitoka kwa Bwana Afya.

Majuma ya kwanza alisema anajisikia vizuri. Nilifurahi, nikawaambia wengine. Leo najua sababu. Baadhi ya vidonge vya kisukari huwasumbua watu tumbo. Ukiviacha, tumbo linatulia, na unadhani umepona. Lakini ndani ya damu sukari inapanda kimya kimya. Hainguruma kama radi. Ndiyo hatari ya kisukari na ya presha. Unaweza kujisikia mzima huku mwili unaharibika.

Mwezi wa 8 tangu niingie katika biashara, mjukuu wake alikuja mbio. Alisema mguu wa bibi unanuka. Nilikwenda. Mwiba ulikuwa umemchoma kwenye unyayo siku nyingi zilizopita, naye hakusikia maumivu. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu unakufa ganzi. Kidonda kinaingia bila mwenyewe kujua, na tena hakiponi upesi.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya. Sukari ilikuwa juu sana. Walimkata vidole 2 vya mguu ili kuokoa mguu wenyewe. Alilazwa siku 24.

Daktari alimwuliza, "Mama, nani alikuambia uache dawa?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale kando ya kitanda. Shemeji alinitazama, kisha akamtazama daktari. Akasema, "Niliacha mwenyewe."

Ndugu msomaji, nimepata aibu nyingi maishani. Ile ndiyo kubwa.

Alipotoka hospitali nilimwomba msamaha. Alinijibu bila hasira. "Shemeji, mimi lile kopo sikulijua. Nilikujua wewe."

Sasa unaelewa kwa nini nilikuomba ulikumbuke lile jina. Kampuni hizi hazitafuti duka kijijini. Zinatafuta mtu anayeaminiwa. Zinamtafuta mwalimu, muuguzi, mchungaji, shehe, katibu wa kwaya. Bidhaa inapita juu ya imani ambayo mtu huyo ameijenga kwa miaka mingi. Bidhaa ikiharibika, kampuni haipotezi kitu kijijini. Anayepoteza ni yule mtu, na ndugu zake.

Hesabu ya mfuko wangu

Nilikuwa nafundisha watu kuweka kumbukumbu. Kwa hiyo niliandika kila kitu. Haya hapa.

Fedha zilizotoka:
Kiingilio na boksi la kwanza: shilingi 380,000.
Ununuzi wa kila mwezi, miezi 7: shilingi 420,000.
Nauli ya mikutano ya mjini, mara 8: shilingi 128,000.
Simu: shilingi 40,000.
Jumla: shilingi 968,000.

Fedha zilizoingia:
Mauzo ya bidhaa: shilingi 410,000.
Malipo ya kuingiza watu 4: shilingi 100,000.
Jumla: shilingi 510,000.

Hasara: shilingi 458,000.

Hapo sijahesabu siku nilizokosa kwenda shamba. Makopo 3 yalibaki uvunguni mwa kitanda. Kopo moja nilikopesha, na sijalipwa. Nilipotaka kurudisha yaliyobaki, niliambiwa muda wa kurudisha umepita.

Kijijini kwetu tuliingia watu 7. Kila mmoja alilipa shilingi 380,000 za mwanzo. Zidisha. Ni shilingi 2,660,000. Bati moja likiwa shilingi 30,000, fedha hizo zinanunua mabati 88. Nyumba ya muuguzi wa zahanati yetu ina kuta tu, haijaezekwa. Muuguzi anapanga mbali, na usiku wajawazito wanamfuata kwa baiskeli. Sisi tuliezeka nyumba za watu tusiowajua.

Je, biashara hizi zote ni wizi?

Hapana, na si haki kusema hivyo. Tusihukumu bila kupima.

Biashara ya namna hii ilianzia Marekani. Huko California, bwana mmoja aliyeitwa Carl Rehnborg alikuwa akitengeneza virutubisho vya mimea. Mwaka 1945 wauzaji wa bidhaa zake walianza mpango wa kuuza na kuingiza wauzaji wengine chini yao. Mwaka 1959 wauzaji 2 wa mpango huo walianzisha kampuni yao iitwayo Amway. Kwa hiyo tangu mwanzo, ngazi hii ilikuwa na kopo la vitamini mkononi.

Mwaka 1979, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliamua kwamba Amway si mchezo haramu wa fedha. Sababu zake zinafaa kujulikana. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kununua tena bidhaa zilizobaki kwa muuzaji anayetoka. Ilikuwa na kanuni ya kumtaka muuzaji auze sehemu kubwa ya bidhaa alizonunua, asizirundike tu. Ilimtaka pia awe na wateja wa kweli.

Mwaka 2016 tume hiyo hiyo iliishitaki kampuni nyingine, Herbalife. Ilisema wengi wa wanachama walipata fedha kidogo sana au hawakupata kitu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili namna ya kulipa wauzaji wake. Mwaka 2017 watu karibu 350,000 walitumiwa hundi za kurudishiwa sehemu ya hasara yao.

Hapa kwetu sheria inakataza mchezo wa upatu, yaani kulipana kwa fedha za wanaoingia. Usichanganye na upatu wetu wa kina mama, ambao kila mtu anatoa na kila mtu anapokea kwa zamu. Ule ni kusaidiana. Ninaosema mimi ni ule ambao aliyetangulia anakula cha aliyechelewa. Wengi mnaikumbuka DECI. Watu walipanda fedha wakiita mbegu, wakingoja kuvuna. Serikali iliifunga mwaka 2009. Waliochelewa kupanda hawakuvuna.

Kwa hiyo ipo tofauti. Kama fedha zinatoka kwa mteja anayenunua kopo kwa sababu analitaka, hiyo ni biashara. Kama fedha zinatoka kwa mwanachama mpya anayenunua ili aruhusiwe kuingia, huo ni upatu uliovaa koti jeupe la daktari.

Nilivyofundishwa zamani

Mwaka 1973 nilikuwa mwanafunzi wa darasa la saba. Mwaka huo ulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchini walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kusoma vitabu vidogo. Baba yangu alikuwa katika kikundi kimoja. Baada ya kusikiliza, walijadiliana, kisha walitoka na majembe. Walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi yanayozaa mbu.

Nimeifikiria sana kampeni ile baada ya mambo haya. Ile nayo ilikuwa mtandao. Jirani alimwita jirani. Lakini tazama tofauti. Aliyechimba choo wa mwisho alipata faida ile ile aliyopata wa kwanza. Tena yule wa kwanza alifaidi zaidi pale wa mwisho alipochimba, kwa sababu nzi walipungua kijiji kizima. Hakuna aliyelipa kiingilio. Hakuna aliyepanda juu ya bega la mwenzake.

Maoni yangu ni hayo. Afya ya kweli ya kijiji huongezeka ikigawanywa. Mtandao ambao faida yake inamtaka mwenzako apate hasara hauwezi kuleta afya, hata kama kopo limeandikwa afya pande zote.

Yaliyomo ndani ya kopo

Mtu atauliza, "Je, vitamini ni mbaya?" La. Mwili unazihitaji. Swali ni wapi tunazipata, na kwa bei gani.

Vitamini A iko katika papai, embe bivu, mchicha na viazi vitamu vyenye rangi ya njano ndani. Vitamini C iko katika machungwa na ubuyu. Mapera yana vitamini C nyingi kupita machungwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake wana madini ya kujenga mifupa na meno. Maini, maharage na mboga za majani zina madini ya chuma ya kuongeza damu. Majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo Wasukuma wanayaita nsansa, yanatunza mboga mpaka kiangazi. Bei ya kopo moja, shilingi 75,000, inanunua dagaa, maharage na matunda ya siku nyingi sana.

Wapo watu wanaohitaji nyongeza. Mama mjamzito anahitaji vidonge vya madini ya chuma na foliki. Huvipata kliniki. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wanahitaji matone ya vitamini A mara 2 kwa mwaka. Hutolewa bure. Mganga akikuandikia vitamini, meza. Lakini usijiongezee tu kwa sababu kopo ni zuri. Vitamini A ikizidi, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Na jambo hili liandike kwa herufi kubwa: hakuna unga wala chai inayochukua nafasi ya dawa za kisukari, presha, kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa za kifua kikuu na za UKIMWI hutolewa bila malipo. Mtu asikuuzie kitu ili uache dawa ambazo serikali inakupa bure.

Kabla hujatoa fedha

Simkatazi mtu kufanya biashara. Namwomba aulize maswali haya kwanza.

1. Nikiuza bidhaa tu, bila kuingiza mtu hata mmoja, nitapata faida?

2. Yuko mtu anayenunua bidhaa hii bila kuwa mwanachama? Nionyeshe.

3. Nikishindwa, mtarudisha fedha za bidhaa zilizobaki? Andikeni kwenye karatasi na mtie sahihi.

4. Bidhaa imekubaliwa na nani? Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, husajili dawa. Tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako TBS. Kama wanasema ni chakula, wasiseme kinaponya. Kama wanasema kinaponya, waonyeshe usajili wa dawa.

5. Kinaponya magonjwa mangapi? Wakikutajia kisukari, presha, saratani, ugumba na macho kwa kopo moja, chukua kofia yako uende nyumbani. Dawa ya magonjwa yote haijapatikana.

6. Je, nina moyo wa kumtazama ndugu yangu usoni mwaka ujao, baada ya kumwuzia hiki?

Swali la 6 sikujiuliza.

Shemeji yangu sasa amerudi kwenye vidonge. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, lakini analima. Kila tarehe ya kliniki ikifika, nampeleka kwa baiskeli yangu ile ile ya kukagulia vyoo. Nauli ya basi hatulipi tena. Wale watu 4 niliowaingiza nimewaomba msamaha mmoja mmoja. Mpwa wangu amenielewa. Yule mama wa dagaa bado hanisalimu. Nadhani ana haki.

Makopo 3 bado yako uvunguni. Mke wangu alitaka kuyatupa, nikamzuia. Mgeni akija na habari za biashara kama ile, nayatoa na kumwonyesha pamoja na daftari langu la hesabu.

Maswali ya kujadili katika darasa la kisomo

1. Kijijini kwenu biashara ya namna hii imefika? Nani waliingia, na walipata nini?

2. Piga hesabu ya ngazi kwa watu 5 badala ya 6. Ngazi ya ngapi inazidi idadi ya watu wa kijiji chenu?

3. Taja vyakula 5 vya shambani kwenu vyenye vitamini. Je, watoto wanavila?

4. Kijijini kwenu yuko mtu mwenye kisukari au presha aliyeacha dawa? Mtamsaidiaje kurudi kliniki?